Sanduku la Barua: Riwaya Uipendayo Inapogeuzwa Filamu

Katika toleo lililopita niliandika, kwa sentensi moja tu na bila kufikiri sana, kwamba filamu tatu za Peter Jackson zilizotokana na The Lord of the Rings ni mfano wa namna riwaya ya fantasia inavyopaswa kupelekwa kwenye sinema. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala yote yaliyoitangulia. Baadhi zilikuwa za matusi ya kistaarabu, nyingine za pongezi, na chache zilikuwa na maswali yaliyonilazimu kurudi kwenye rafu na kufungua vitabu upya. Nimechagua tano, na nimezifupisha pale ilipobidi.

*

"Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Riwaya ya J.R.R. Tolkien nimeisoma mara tatu. Likizo iliyopita nilikaa na mdogo wangu siku mbili tukazitazama filamu zote, na mwishoni tulikuwa hatusemezani. Yeye, ambaye kitabu hajakigusa, alilia. Mimi nilikuwa nikihesabu yaliyokosekana. Tom Bombadil hayupo, mapambano ya kuikomboa Shire hayapo, na Faramir amegeuzwa kuwa mtu mwingine kabisa. Mdogo wangu anasema huo ni wivu wa msomaji. Je, ni kweli? Na kama si kweli, kipimo cha haki ni kipi? — Mwalimu, Morogoro"

Mwalimu, wivu wa msomaji upo, na mimi mwenyewe ninao. Mtu aliyekaa wiki kadhaa na riwaya yenye kurasa zaidi ya elfu moja huwa amekwisha kujitengenezea filamu yake kichwani, yenye nyuso, sauti na mwanga aliouchagua yeye, na mwongozaji anayekuja baadaye ni kama mpangaji anayeingia chumba ambacho aliyemtangulia bado hajahama. Kwa sababu hiyo, orodha ya yaliyokosekana ni rahisi kuiandika lakini haithibitishi kitu. Filamu hizo, zilizotoka mwaka 2001, 2002 na 2003, zina jumla ya dakika 558 katika toleo la kumbi za sinema, yaani saa tisa na kidogo, ilhali kuisoma riwaya yote kwa sauti huchukua zaidi ya saa 50. Mkasi ulikuwa hauepukiki. Tunachopaswa kuuliza ni kazi gani ilikuwa ikifanywa na kila kipande kilichokatwa.

Anza na kipande ambacho hakuna anayekililia. Katika kitabu, tangu Bilbo, mhobiti (mmoja wa watu wafupi wa nchi ya Shire), anapofanya karamu yake ya kuaga hadi mchawi Gandalf anaporudi kumweleza Frodo, mrithi wa Bilbo, ukweli wote wa Pete ya uovu ambayo itambidi aibebe ikaangamizwe, inapita miaka 17. Katika filamu inaonekana kama ni miezi michache. Frodo wa kitabuni anaondoka nyumbani akiwa na umri wa miaka 50, na yule wa filamu ni kijana asiye hata na kasoro usoni. Mabadiliko hayo ni makubwa ukiyapima kwa kalenda, lakini wasomaji wengi huyapita bila kuyaona, kwa kuwa miaka ile haibadilishi anachokitaka mtu yeyote katika hadithi wala anachokiogopa.

Tom Bombadil ni jambo gumu zaidi. Jackson alieleza kwamba mzee huyo wa msituni haisogezi mbele habari ya Pete, na kwa kipimo hicho alisema kweli. Hata hivyo, ni baada ya Tom kuwaokoa kwenye makaburi ya kale ndipo wahobiti wanapopata visu vilivyofuliwa zamani na watu waliopigana na mfalme wa wachawi wa Angmar, na kisu cha namna hiyo ndicho anachokitumia Merry, mmoja wa wahobiti hao, mamia ya kurasa baadaye, kumchoma mfalme yule nyuma ya goti. Tolkien anatueleza waziwazi kwamba hakuna silaha nyingine, hata ingeshikwa na mkono wenye nguvu kuliko ule, ambayo ingemtia adui yule jeraha kama lile. Katika filamu Merry anachoma, adui anapiga magoti, nasi tunashangilia. Lakini mtazamaji akiuliza kwa nini pigo la mtu mfupi kuliko wote uwanjani lilifaulu pale ambapo wapiganaji wakubwa walishindwa, hana pa kupata jibu. Hapo una haki ya kulalamika, ingawa ningekushauri usilalamike kwamba Tom hayupo. Lalamika kwamba mzigo aliokuwa ameubeba uliachwa njiani, na hakuna aliyepewa aubebe.

Kuhusu Shire nakuunga mkono zaidi ya ulivyotarajia. Katika kitabu, wahobiti wanne wanarudi kutoka vitani na kuikuta nchi yao imekatwa miti, imejengwa vibanda vibovu, na inatawaliwa kwa amri za kukataza na walinzi wa kuwapeleleza majirani. Aliyefanya hayo ni mchawi Saruman, aliyeshindwa kwingineko akaja kulipiza kisasi kwa wadogo. Tolkien aliandika katika dibaji ya toleo la pili kwamba sura hiyo ni sehemu ya lazima ya hadithi na kwamba aliikusudia tangu mwanzo. Maana yake ni nzito: hakuna kijiji kilicho mbali kiasi cha kutofikiwa na uovu, na waliokwenda kuokoa dunia watarudi wakute kazi bado ipo mlangoni. Filamu imeiacha yote. Badala yake wale wanne wanaketi katika klabu ya pombe, wateja wengine wakishughulika na boga kubwa la jirani, wala hakuna anayejua wala anayeuliza walikotoka. Wanatazamana, wanagonganisha vikombe, wananyamaza. Nakiri kwamba dakika ile moja ya ukimya inanigusa kila nikiiona, kwa sababu imeshika nusu ya kile alichokisema Tolkien, yaani upweke wa mtu aliyerudi na jeraha ambalo wa nyumbani hawalioni. Nusu ya pili, kwamba hata nyumbani kwenyewe si salama, imepotea.

Sasa Faramir, nahodha wa wanadamu wa Gondor. Katika kitabu anapogundua kwamba Frodo amebeba Pete, anasema kwamba asingeiokota hata angeikuta imelala barabarani, naye anamwachia aende zake. Katika filamu anamkamata na kumburuta hadi mji wa Osgiliath kabla ya kubadili moyo. Waandishi wa filamu walijitetea kwa sababu mbili, na zote zina uzito. Ya kwanza ni kwamba baada ya kumwambia mtazamaji kwa saa tano kwamba hakuna anayeweza kuipinga Pete, huwezi kumleta mtu anayeikataa kwa sentensi moja bila kuipunguzia nguvu. Ya pili ni ya ufundi: tukio la buibui Shelob lilisukumwa hadi filamu ya tatu, na hivyo safari ya Frodo katika filamu ya pili ilibaki bila kilele. Nawaelewa. Hata hivyo Tolkien aliwahi kuandika kwamba kama kuna mhusika yeyote anayefanana naye, basi ni Faramir, na nadhani mtu huyo aliwekwa pale makusudi ili tujue kwamba wapo watu ambao kutotamani ni tabia yao, wala hawahitaji kwanza kuanguka. Filamu ilichagua mashaka kwa sababu mashaka yanaonekana kwenye skrini kuliko utulivu. Ni uchaguzi wa mtu anayeijua kazi yake, lakini umepunguza idadi ya watu wema duniani.

Umeniuliza kipimo. Kipo kimoja alichokitoa Tolkien mwenyewe, kabla Jackson hajazaliwa. Mwaka 1958 alipelekewa muhtasari wa filamu ambayo Wamarekani fulani walitaka kuitengeneza, akausoma mstari kwa mstari akiwa na kalamu ya hasira. Aliudhika kwamba tai wakubwa walikuwa wakiitwa kila mahali kama teksi, kwamba mapigano yalikuwa yameongezwa, na kwamba mkate wa safari ulikuwa umegeuzwa kuwa kitu mfano wa chakula cha maabara. Katikati ya manung'uniko hayo kuna wazo moja kubwa, nami nalieleza kwa maneno yangu: filamu mbovu hutia chumvi na kuingiza mambo yasiyohusika kwa sababu aliyeitengeneza hakuona kiini cha hadithi kilipo. Angalia kwamba hakulalamikia ufupisho kwa kuwa ni ufupisho. Bibi zetu walitusimulia habari za Sungura na Fisi kila mmoja kwa namna yake. Mmoja aliiacha sehemu ya kisima, mwingine aliongeza wimbo, na usingizi ukizidi hadithi ilikwisha mapema. Sisi watoto hatukupiga kelele. Tungepiga kelele siku ambayo Fisi angeibuka mwerevu.

Kiini cha riwaya hii, kwa usomaji wangu, ni huruma. Frodo anasema ni afadhali Bilbo angemuua Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na Pete, alipopata nafasi, naye Gandalf anamjibu kwamba ilikuwa huruma iliyoushika mkono wa Bilbo, na kwamba asiyeweza kumrudishia mtu uhai asiharakie kumhukumu kifo. Kila kinachotokea mwishoni kwenye mlima wa moto kinasimama juu ya maneno hayo, kwa sababu Frodo anashindwa dakika ya mwisho, na ni Gollum, aliyeachwa hai kwa huruma ya watu kadhaa, anayeanguka na Pete. Katika kitabu maneno hayo yanasemwa mapema, sebuleni kwa Frodo. Katika filamu yamehamishiwa gizani, ndani ya migodi ya Moria, muda mfupi tu kabla Gandalf hajaanguka. Mtu anayelinganisha ukurasa na skrini ataandika kosa. Mimi naona ni uhamisho wa busara kuliko yote katika saa zile tisa, kwa kuwa maneno yale yanageuka wosia wa mtu anayekaribia kuondoka, na mtazamaji anayabeba hadi mwisho.

Niongeze jambo moja la nje ya vitabu. Mimi filamu ya kwanza niliiona katika kibanda cha video jijini Dar es Salaam, mtafsiri akisema Kiswahili chake juu ya sauti za waigizaji. Alimwita Gandalf "Babu", akakata maneno mengi, akaongeza mizaha ambayo Tolkien asingeielewa. Babu alipoporomoka pale darajani, mtafsiri alinyamaza. Kibanda kizima kilinyamaza naye, watu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa amekisoma kitabu. Hukumu yangu, na mdogo wako anaweza kuisoma, ni kwamba filamu hizo zimekishika kiini na zimeangusha vitu viwili vya thamani njiani, Shire na Faramir. Yeye hakukosea kulia, na wewe hukukosea kuhesabu.

*

"Shikamoo. Mimi ni msomaji wa Mombasa, mwanafunzi wa chuo. Marafiki zangu hubishana kila siku kuhusu sura za waigizaji. Mmoja hajasamehe kwamba Harry Potter wa filamu ana macho ya buluu wakati kitabu kinasema ni ya kijani. Mwingine hukasirika kila mwigizaji mweusi anapopewa nafasi katika hadithi ya fantasia, akisema mwandishi hakuandika hivyo. Je, sura ya mhusika ni jambo la kupimia filamu? — Binti wa Mombasa"

Marahaba, binti yangu. Ni jambo la kupimia pale tu ambapo sura hiyo ina kazi ndani ya hadithi, na mifano yako miwili inatosha kuonyesha tofauti.

Macho ya Harry yana kazi, lakini rangi yake haina. Kinachohitajika ni kwamba watu wote waliomjua mama yake, Lily, wamtazame kijana huyu na kumwona mama, kwa maana siri kubwa ya mwalimu Snape imefungwa katika mfanano huo. Daniel Radcliffe, aliyemwigiza Harry, alijaribu kuvaa lenzi za kijani, macho yake yakazikataa, na rangi ikabaki yake. Hapo hapana hasara. Hasara ilikuja katika filamu ya mwisho ya mwaka 2011, ambako Lily anaonyeshwa akiwa mtoto, na mtoto aliyechaguliwa ana macho ya kahawia. Baada ya filamu nane za kuambiwa "una macho ya mama yako", tunaonyeshwa mama mwenye macho mengine. Rafiki yako wa kwanza anakasirikia kosa lisilo kosa, na pengine lililo kosa limempita.

Kwa rafiki wa pili, mpe asome A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, iliyotoka mwaka 1968. Mchawi Ged ana ngozi ya kahawia iliyoelekea wekundu, rafiki yake mkubwa ni mweusi, na weupe wa dunia ile ni Wakarg, wavamizi wanaoteketeza vijiji katika sura ya kwanza. Le Guin alifanya hivyo kwa makusudi kamili, katika miaka ambayo shujaa wa fantasia alichukuliwa kuwa mzungu hata kabla hajaelezwa, na aliiachia habari ya ngozi itoke polepole, msomaji akiwa amekwisha kumpenda kijana huyo. Mwezi Desemba mwaka 2004 televisheni moja ya Marekani ilionyesha filamu ya sehemu mbili iliyotokana na vitabu hivyo, na Ged akawa kijana mweupe. Danny Glover alipewa nafasi ya mwalimu Ogion, lakini wengi waliomzunguka walikuwa weupe. Le Guin aliandika hadharani kulipinga jambo hilo, akieleza kwamba rangi za watu wake hazikuwa mapambo. Watengenezaji walikuwa wameondoa hoja ya kitabu wakidhani wanabadilisha mwigizaji tu.

Sasa mwulize rafiki yako ni hoja gani ya kitabu inayoondolewa pale mwigizaji mweusi anapocheza mhusika ambaye ngozi yake haina kazi yoyote katika hadithi. Akiitaja, msikilizeni. Ninashuku atachukua muda.

*

"Mwanangu wa miaka 11 ameanza kupenda vitabu. Asome kwanza au atazame kwanza? — Mama wa Kisumu"

Mama, asome kwanza, kwa sababu moja tu: akishamwona Radcliffe hatapata tena nafasi ya kumwona Harry wake mwenyewe. Kuna kitabu kimoja ambacho ningekisisitiza zaidi, cha tatu katika mfululizo wa Harry Potter. Filamu yake ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Alfonso Cuarón, naiona ndiyo nzuri kuliko zote nane, yenye upepo, majira na vijana wanaovaa mashati yao ovyo kama vijana wa kweli. Lakini haielezi kamwe ni akina nani waliochora ramani ya uchawi, na aliyetazama bila kusoma hawezi kujua kwamba baba yake Harry alikuwa mmoja wao, wala kwa nini kinga ya uchawi ya Harry inatokea na umbo la paa dume. Filamu bora kabisa ya mfululizo ina tundu katikati ya moyo wake, na mtoto aliyesoma hulijaza mwenyewe bila kujua kwamba anafanya hivyo.

*

"Nadhani mnapoteza muda. Kama mwandishi mwenyewe ameikubali filamu, mjadala umekwisha. Kama ameikataa, pia umekwisha. Sisi ni nani? — Mzee wa Unguja"

Mzee wangu, ningependa iwe rahisi hivyo. P.L. Travers, mwandishi wa vitabu vya Mary Poppins, alitokwa machozi kwenye uzinduzi wa filamu yake mwaka 1964, wala hayakuwa ya furaha, na filamu ile imependwa na vizazi vitatu vya watoto. William Goldman aliandika The Princess Bride mwaka 1973 kisha akaiandikia filamu ya mwaka 1987 yeye mwenyewe, nayo ni tamu, lakini simulizi ya uchungu inayoizunguka hadithi kitabuni, ya mwanamume ambaye ndoa yake inamwelemea, aliitoa kwa mkono wake mwenyewe na kumweka babu anayemsomea mjukuu mgonjwa. Mwandishi naye anaweza kuacha jambo zito.

Warithi nao wana neno. Christopher Tolkien, mtoto wa mwandishi na mhariri wa maandishi yake kwa miaka mingi, aliliambia gazeti la Le Monde mwaka 2012 kwamba watengenezaji wa filamu wameutumbua matumbo uandishi wa baba yake na kuufanya filamu ya mapambano ya vijana. Nimekwisha kueleza kwa nini sikubaliani naye kwa ujumla. Hata hivyo naheshimu kwamba aliweka kidole mahali panapouma: filamu hizo zinapenda vita kuliko kitabu kinavyovipenda.

Faida ya kumsikiliza mwandishi ni kwamba mara nyingi anatuonyesha kiini chake kilipo, hata kama hukumu yake hatuifuati. Mjerumani Michael Ende alitoa The Neverending Story mwaka 1979. Filamu ya Wolfgang Petersen ya mwaka 1984 inaishia katikati ya kitabu, naye Ende aliikataa, akadai jina lake liondolewe, akaenda mahakamani na kushindwa. Watu walimwona mzee mkaidi. Lakini soma alichokiandika. Katika kitabu, viumbe wa nchi ya ndoto wakisombwa na Utupu na kuingia katika dunia yetu, wanageuka kuwa uongo. Ndiyo hatari yote ya hadithi. Na filamu inamalizikaje? Mtoto Bastian amempanda joka wake wa bahati katika mji halisi, wakiwakimbiza watoto waliokuwa wakimwonea hadi ndani ya pipa la taka. Watoto ukumbini hushangilia. Kwa sheria ya kitabu, joka yule asingeweza kuwa pale ila kama uongo. Nusu iliyoachwa ndiyo inayoeleza gharama ya kutamani, jinsi kila ombi linalotimizwa linavyomnyang'anya Bastian kumbukumbu moja mpaka anakaribia kulisahau jina lake. Simpi Ende haki kwa sababu yeye ni mwandishi. Nampa kwa sababu ukifungua kitabu unaliona kosa mwenyewe.

Kwa upande wa pili yupo Le Guin tena. Mwaka 2006 studio ya Ghibli ya Japani ilitoa filamu ya katuni kutokana na vitabu vyake vya Earthsea, ikiongozwa na Goro Miyazaki. Alipoulizwa na mwongozaji, alimjibu kwa adabu kwamba hicho si kitabu chake, ni filamu ya Goro, na ni filamu nzuri. Baadaye, alipoona maneno hayo yanasambazwa, aliandika kwa urefu kilichomsumbua: katika filamu uovu umewekwa nje, ndani ya mchawi mbaya anayeweza kuuawa, na akiuawa kila kitu kinakuwa sawa. Katika kitabu chake cha kwanza, kivuli kinachomwinda Ged kina jina la Ged mwenyewe, na hakishindwi kwa upanga. Anakiita kwa jina lake, wanakuwa kitu kimoja. Sasa hapo, Mzee, mwandishi alikubali au alikataa? Alifanya yote mawili, kwa hiyo bado tuna kazi.

*

"Kwa nini The Hobbit, kitabu kidogo, kilipata filamu tatu? Na je, kuongeza si afadhali kuliko kupunguza? — Msomaji wa Dodoma"

Kitabu hicho cha Tolkien cha mwaka 1937, kinachosimulia safari ya Bilbo, kina sura 19, na watoto wengi hukimaliza ndani ya wiki. Filamu zilipangwa kuwa mbili, kisha katikati ya mwaka 2012 ikatangazwa kwamba zitakuwa tatu, nazo zikatoka mwaka 2012, 2013 na 2014, jumla ya dakika 474. Sehemu ya nyongeza ilichotwa kwenye viambatisho vya The Lord of the Rings, na sehemu nyingine ilibuniwa, kama vile mpiganaji Tauriel na mapenzi yake ambayo hayamo popote katika kitabu. Fedha ilichangia bila shaka, lakini nadhani lilikuwepo pia kosa la kupima: walitaka hadithi ya watoto ifikie kimo cha ile kubwa iliyofuata.

Kuongeza si afadhali. Aliyepunguza anakuachia nafasi ya kurudi kitabuni ukajaze. Aliyeongeza vibaya anabadilisha ladha ya kile kilichokuwepo. Chukua tukio la mapipa, ambalo watu wengi hulisifu. Katika kitabu, Bilbo anawafungia wenzake kumi na watatu ndani ya mapipa yaliyojazwa nyasi kavu, anagongelea vifuniko, kisha mapipa yanatupwa mtoni usiku. Hakuna vita. Yeye mwenyewe amesahau kujitafutia pipa, kwa hiyo ananing'inia juu ya moja, amelowa, ana njaa, na hajui kama rafiki zake ndani wanapumua. Katika filamu mapipa yako wazi, maadui wanawafuata kingoni kwa mishale na mapanga, na mto unageuka uwanja wa maonyesho ya sarakasi yaliyotengenezwa kwa ustadi mkubwa.

Katika kitabu Bilbo anatoka mtoni na mafua. Anapiga chafya na kukohoa siku tatu, hawezi kutoka nje, na hata baadaye, anapoalikwa karamuni na mji mzima ukimsubiri shujaa aseme neno, kinachomtoka ni asante moja iliyoziba puani. Dakika zote zile za mapanga mtoni ningezibadilisha kwa chafya hiyo.